Sakafu Iliyofunikwa Mapema

Mtaa wa Coldwell hakuna gari linalolala gereji. Magari yanalala nje yakinyeshewa, asubuhi yanakwanguliwa barafu kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na zile gereji zilizojengwa ubavuni mwa kila nyumba zimejaa makopo ya rangi iliyoganda, viti vya kukunja vya ufukweni, mti wa Krismasi wa plastiki, na vitu ambavyo mwenyewe havitumii wala hana moyo wa kuvitupa. Kwa hiyo Norris Platt alipoonekana akitoa vyake na kuvirundika kwenye majani mbele ya nyumba, mtaa mzima ulijua kuna jambo. Ama kafa mtu, ama kuna mtu anahama.

Yote mawili yalikuwa kweli kwa kiasi chake. Beryl, mkewe, alikuwa amekufa, ingawa ni baridi ya mwaka juzi. Na mwenye kuhama alikuwa Norris mwenyewe: ama atoke chumba cha ghorofani aje kulala chini, ama aondoke katika nyumba ile moja kwa moja.

Kisa chote ni goti. Goti la kushoto, ambalo Norris aliliacha kidogo kidogo kwenye sakafu ya karakana ya mabasi ya halmashauri ya Harnby, miaka yote aliyolala chali chini ya mabasi ya mji. Kila mwaka mafundi waliomba mikeka ya kulalia. Kila mwaka wakubwa walisema suala lenu linafanyiwa kazi. Mwishowe karakana ikauzwa, mabasi yakauzwa, wakubwa wakaagana kwa karamu, na Norris akabaki na goti. Mwezi Machi goti likamwangusha kwenye ngazi za nyumba yake, akashuka kwa makalio mpaka chini, na binti yake Corinne akamkuta pale sebuleni amekaa kama mtu anayesubiri basi.

Halmashauri ikamtuma mwanamke mmoja mwenye viatu visivyotoa sauti. Akapanda ngazi, akashuka ngazi, akasema kwa upole kwamba Bwana Platt hawezi kuendelea kulala juu. Kama kungekuwa na chumba cha chini, kikavu, chenye joto, sawa. Kama hakuna, basi kuna vyumba vizuri sana vya wazee pale Larchfield.

"Kuna kamba nyekundu bafuni, Baba," Corinne alisema alipokwisha kuondoka yule mwanamke. "Ukianguka unaivuta."

"Nikivuta anakuja nani?"

"Mtu wa zamu."

"Mama yako alikuwa na kengele pale hospitali. Unakumbuka? Aliibonyeza. Aliyekuja ni mama wa chai, tena na chai ya mgonjwa mwingine."

Corinne alikuwa amechoka. Anakaa mbali, ana kazi, ana watoto, na kila simu ikilia usiku moyo unamruka. Jina la baba yake alikuwa ameshalipeleka Larchfield, na hilo alimwambia waziwazi. "Ukinipa chumba cha chini kinachofaa kulala binadamu, nalifuta. Usiponipa, kikipatikana chumba kule unakwenda. Sitaki tena kukukuta chini ya ngazi."

Ndivyo gereji ilivyoingia katika maneno. Fundi wa kukodi Norris hakutaka hata kumsikia. Yeye alikuwa ameshusha injini za mabasi kwa mikono yake, ashindwe na kijichumba cha kuwekea gari? Jambo moja tu Corinne alimshurutisha: aijulishe halmashauri. Sheria ya huko ndiyo hiyo, ukigeuza gereji kuwa chumba cha kulala lazima mkaguzi wa majengo aone kazi hatua kwa hatua, na sakafu aione kabla haijafunikwa. Bila saini yake, yule mwanamke wa viatu vya kimya hakitambui chumba.

"Yaani wakubwa haohao walioniulia goti," Norris alisema, "ndio waje kunitazamia sakafu."

"Ndio haohao, Baba. Piga simu."

Akapiga.

Kazi yenyewe aliipenda kuliko alivyotaka mtu ajue. Zege la gereji lilikuwa limeinamia mlangoni, kama gereji zote, ili maji ya gari yatoke nje. Akalisawazisha kwa niru ya saruji, akakaa na pimamaji kama mama aliyekaa na kipimajoto cha mtoto. Juu yake ije karatasi nzito ya nailoni ya buluu, ya kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini. Juu ya nailoni, vipande vya povu gumu vilivyofunikwa karatasi ya fedha pande zote, vya kuzuia baridi. Na juu kabisa, mbao za chipbodi zinazoumana kwa ulimi na mfereji, zinagundishwa, basi. Dirisha na kuta vingefuata.

Kwenye nailoni ndipo alipofanya kile alichokiona kuwa ufundi hasa.

Watu wa rika la Norris pale Harnby hutandika zulia nyumba nzima, ukuta kwa ukuta, mpaka msalani, na heshima ya mwanamume ilikuwa kwenye kisu. Zulia linatandikwa, linabaki limepanda ukutani kidogo pande zote, halafu mwanamume anapiga magoti, anapitisha kisu kwenye pembe, na pasionekane hata uzi. Beryl alikuwa akiwaleta shoga zake ghorofani kwa kisingizio cha pazia jipya, kumbe ni waone pembe za zulia. Sasa nailoni nayo ilikuwa imepanda ukutani pande zote, imekunjamana, inachungulia kama shati lililotoka nje ya suruali. Norris akachukua kisu. Akazunguka gereji nzima kwa goti lile bovu, akaikata sawasawa na zege. Pembe zikakaa kama za zulia la harusi.

Jirani yake, Wilf Tranter, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Wilf alipaua nyumba miaka thelathini kabla hajastaafu; maji ya mvua anayajua kama watu wengine wanavyojua shemeji zao. Alitazama kisu kikipita ukuta wa kwanza. Akatazama kikipita wa pili.

"Unaikata," Wilf alisema.

"Si unaona?"

"Naona." Akanywa chai. "Safi sana hiyo pembe."

"Siku hizi vijana hawawezi."

"Hawawezi," Wilf alikubali. Akatazama angani, akasema inaelekea mvua itanyesha wikiendi, akarudisha kikombe, akaenda kwake.

Povu likaingia vizuri, likazibwa mianya kwa utepe wa fedha. Gereji ikang'aa kama ndani ya pakiti ya biskuti. Simu ikapigwa kutoka halmashauri: mkaguzi atakuja Alhamisi asubuhi, tafadhali sakafu iachwe wazi.

"Alhamisi ya mwaka gani?" Norris aliuliza.

"Alhamisi hii, Bwana Platt."

Akakata simu akacheka peke yake. Aliwajua watu hawa. Taa ya barabarani mbele ya nyumba yake waliahidi kuirudisha tangu Beryl yuko hai, na Beryl akafa upande huo wa mtaa ungali gizani. Kibanda cha basi kilipelekwa kutengenezwa, hakikurudi, na basi lenyewe likakifuata. Leo waseme Alhamisi, na mtu mzima mwenye akili zake aiache sakafu wazi akisubiri? Wangekuja Septemba. Wangekuja amekwisha kuvuta kamba nyekundu pale Larchfield mpaka imekatika.

Kwa hiyo Jumanne na Jumatano, mvua ikipiga kuta, Norris alifunika. Akapaka gundi kwenye kila ulimi, akagonga kila ubao kwa nyundo na kipande cha mti, ubao ukamnyonya mwenzake mpaka huoni mshono. Jumatano jioni alivua viatu akatembea kwa soksi kutoka ukuta hadi ukuta. Hakukuwa na mlio hata mmoja. "Mje sasa," aliwaambia wasiokuwepo.

Wakaja.

Alhamisi asubuhi, Norris bado yuko na fulana ya ndani na mkate wa nyama ya nguruwe mkononi, mlango uligongwa. Alikuwa msichana mwenye koti la mvua na buti za kazi, tochi kiunoni.

"Bwana Platt? Kirsty Moxon, mkaguzi wa majengo. Nimekuja kuiona sakafu."

Norris alimtazama kama mtu aliyetokewa na mzimu, tena mzimu uliofika kwa wakati.

"Leo ni Alhamisi?" alisema.

"Ndiyo, leo."

Hakumkaribisha chai. Katika nyumba ile hata mpima mita ya gesi hukaribishwa chai. Alimpeleka moja kwa moja gereji, akafungua mlango, akasimama pembeni kifua mbele. Kirsty Moxon akaitazama chipbodi ile iliyonyooka kama maji ya bwawa. Akainama. Akasimama.

"Umefunika."

"Nimefunika."

"Nilipaswa kuona chini."

"Chini kuna nailoni, kuna povu, kuna zege. Vyote vizima. Chukua neno langu."

"Bwana Platt, sina pa kuandika neno lako."

"Binti, una umri gani wewe?"

"Wa kutosha kukagua sakafu."

Norris akaanza. Akaanzia taa ya barabarani, akapita kibanda cha basi, akaingia karakana, mikeka ya kulalia, hospitali, mama wa chai. Kirsty Moxon alimsikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso, jambo lililomuudhi Norris zaidi, kwa sababu mtu wa serikali akishakunja uso ndipo mazungumzo yanakolea.

"Taa siijui," Kirsty Moxon alisema, Norris alipotua. "Na kwa mkeo, pole sana. Mimi ni wa majengo tu. Siwezi kutia saini kitu nisichokiona. Tutoboe mahali pamoja, kipande kidogo tu. Nikiona kuko sawa, unaziba, nakwenda zangu."

"Toboa unapotaka. Hata katikati."

"Katikati hapana." Akaenda mpaka ukuta wa nje, ule wa unene wa tofali moja unaopigwa na upepo wa magharibi, akagonga kwa kisigino pembeni kabisa. "Hapa."

Norris akaleta msumeno wa umeme. Kukata ubao alioutia gundi jana kulimuuma kama kukata zulia la Beryl, lakini alikata kwa kiburi, mstari umenyooka, akijua atakachomwonyesha. Akatia patasi, akainua kipande.

Povu lilikuwa limeelea. Siyo sana, lilitikisika tu alipoligusa, kama meno ya mzee. Alipolitoa, maji yalikuwa yametulia juu ya nailoni, masafi kabisa, mengi ya kuoshea uso.

Norris alichovya kidole, akakinusa.

"Kiwanda," Norris alisema hatimaye. "Nailoni siku hizi wanatengeneza takataka."

"Nailoni ni nzima, Bwana Platt. Ingekuwa imetoboka maji yasingekaa juu yake." Kirsty Moxon alipiga magoti kwenye vumbi la msumeno, akamulika pembeni. "Umeikata?"

"Nimeipunguza. Ilikuwa inachungulia."

"Ilitakiwa ichungulie. Ipande ukutani ipite usawa wa sakafu, pande zote, iwe kama sinia lenye kingo. Huu ukuta ni wa tofali moja, mvua inapenya, inateremka kwa ndani. Ikikuta kingo, inapita nyuma yake inakwenda ardhini. Ikikuta umekata..." Hakumalizia. Maji yalikuwa pale, yanajimalizia yenyewe.

Mlangoni akatokea Wilf Tranter. Hakuna aliyemwita. Alinyoosha shingo, akalitazama shimo, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefika msibani na sura anayo tayari.

Norris alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilihisi."

"Ulihisi lini?"

"Uliposhika kisu."

"Wilf! Nimezunguka gereji nzima kwa magoti! Umesimama hapohapo na kikombe changu mkononi, unaniambia pembe safi!"

"Pembe ilikuwa safi."

"Mbona hukusema?"

"Sikupenda kuingilia, bwana. Gereji yako."

"Na nyumba ingewaka moto?"

Wilf alilipima swali hilo kwa haki. "Hapo ningegonga hodi."

Kirsty Moxon aligeuka akatazama ukutani, mabega yakimtikisika kidogo. Aliporudisha uso ulikuwa wa kazi tena. Sakafu yote itoke, alisema. Zege likaushwe, nailoni mpya itandikwe na kingo zake, povu lirudi. "Halafu iache wazi. Nitakuja Jumatatu mchana."

"Utakuja," Norris alisema, kwa sauti ambayo huwezi kujua kama ni swali.

"Nitakuja."

Hajafika hata mwisho wa mtaa, Corinne akapiga simu. Larchfield wamepata chumba, cha chini, kinatazama bustani. Wanataka jibu Jumatatu kabla ya saa saba, la sivyo anapewa mwingine. "Sakafu imepita, Baba?"

"Inaelekea kupita," Norris alisema, akiwa amesimama kwenye dimbwi kwa soksi.

Chipbodi iliyotiwa gundi haitoki, inavunjwa. Siku tatu mtaa ulisikia nyundo na matusi. Wilf alikuja bila kualikwa, amevaa pedi za magoti, na kwa kuwa sasa aliombwa kusema, hakunyamaza tena. Kumbe miaka yote ile alikuwa na maoni. Alikuwa na maoni juu ya mfereji wa paa la Norris, juu ya lango lake, juu ya jinsi anavyopogoa uzio, na hata juu ya rangi ya mlango ambayo Beryl aliichagua walipohamia.

"Ile rangi hukuipenda?" Norris aliuliza, utepe wa fedha mdomoni.

"Hakuna aliyeipenda."

"Na wewe ukakaa kimya miaka yote hiyo!"

"Ningesemaje? Mmeshapaka."

Wakatandika nailoni mpya. Ilipofika ukutani, mkono wa Norris wenyewe ulikwenda kwenye kisu. Wilf akakohoa. Norris akakitupa kisu nje kwenye majani. Wakaipandisha nailoni, wakaigandisha, ikabaki imening'inia pande zote, imekunjamana, ya buluu, aibu tupu. Norris hakuweza kuitazama muda mrefu.

Jumatatu Corinne alikuja mwenyewe, simu mkononi. Alisimama mlangoni mwa gereji akaona povu, nailoni inayochungulia, baba yake ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho barabarani. Mkaguzi hakuwa amefika. Mchana, alikuwa amesema. Mchana ni mrefu.

Simu ikalia. Larchfield.

"Baba, wanataka jibu sasa hivi. Nisemeje?" Aliiziba simu kwa kiganja. "Huyo mtu akija akikataa, au asipokuja, huna hapa wala kule. Mimi siwezi tena. Chukua chumba. Ni chumba kizuri."

Norris aliitazama barabara. Mwanamume aliyejifunza maisha yake yote kitu kimoja, kwamba wale hawaji, alikuwa anaombwa atupe paa la uhakika kwa neno la msichana wa halmashauri. Alimtafuta mtu wa kumlaumu kwa kuwekwa mahali pale, na kwa mara ya kwanza aliona foleni ni fupi sana. Yuko yeye, na kisu.

"Wape wengine," alisema.

"Baba."

"Amesema atakuja. Waambie wampe mwingine, mwenye shida."

Corinne aliongea na simu kwa sauti ndogo, akaikata, akaenda jikoni. Maji ya birika yakaanza kuunguruma. Ilikuwa ngurumo ya hasira.

Kirsty Moxon alifika chai ya pili ikiwa imepoa. Alizunguka kuta zote na tochi, akavuta nailoni hapa, akabonyeza povu pale, akaingiza vidole nyuma ya kingo. Norris alimfuata kama mgonjwa anavyomfuata daktari kwa macho. Corinne alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Sawa," Kirsty Moxon alisema. "Funika."

"Ndiyo basi?"

"Sakafu ndiyo basi. Kazi safi."

"Mbaya kutazama," Norris alisema.

"Ubao wa kuzungushia chini ya ukuta utaficha." Akavaa kofia. "Sasa kuna kuta. Nitahitaji kuona povu la ukutani kabla hujapiga bodi. Halafu dirisha, halafu umeme, halafu mwisho."

"Mara nne tena?"

"Mara nne."

Corinne alishusha mikono. Norris alijikuna kidevu. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuanzia taa ya barabarani, na msichana mwenyewe alisimama kidogo, kana kwamba anampa nafasi.

"Na utakuja wewe?" Norris aliuliza.

"Labda. Wanatupangia maeneo upya mwezi ujao. Anaweza kuja mwenzangu."

"Nani amepanga hivyo?"

"Wakubwa."

"Unaona!" Norris alimgeukia binti yake, uso umemchangamka kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. "Unaona wanavyofanya? Wamepata mtu mmoja anayekuja, mmoja tu, wanamhamisha!" Akamshika Kirsty Moxon kiwiko, akamwongoza jikoni huku akichechemea. "Kaa hapo, binti. Corinne, mwekee chai. Haya, niambie huyo mkubwa wako anaitwa nani. Kesho asubuhi nampigia."